Programu ya simu inasema mtoto yuko sawa. Niiamini?

MamaWawili: Habari wakuu. Mvulana miaka 7, kilo 30, urefu sentimita 122. Programu ya BMI (uwiano wa uzito na urefu) imetoa 20.2, "kawaida". Mbona shati la shule halifungi tumboni?

Lishe_Mbeya: Hesabu ni sahihi, ila imesoma jedwali la watu wazima (18.5 hadi 24.9). Kwa jedwali la Shirika la Afya Duniani (WHO), mvulana wa miaka 7 akipita takriban 17 uzito umezidi. Akipita 19 ni unene wa kupindukia. Tumia programu inayouliza tarehe ya kuzaliwa na jinsia. WHO AnthroPlus ni ya bure. Mpime bila viatu, visigino ukutani. Soli ya sentimita 3 tu inaishusha 20.2 kuwa 19.2.

KakaJiko: Usimnyime chakula. Umri huo mara nyingi lengo ni kilo zitulie huku urefu ukipanda. Anza na soda: mililita 300 zina sukari kama gramu 32, vijiko 8 vya chai. Juisi ya boksi nayo si mkombozi. Wali upakuliwe jikoni, sufuria isifike mkekani. Na bibi aelezwe, maana maandazi ya saa kumi ndiyo yanayovuruga yote!

Lishe_Mbeya: Naongeza: pima mara moja kwa mwezi, si kila siku. Programu za kuhesabu kalori msimpe, zitamtia hofu ya kula. Simu iwe kengele ya kumwita nje akacheze, dakika 60 kwa siku. Akikoroma usiku, au ngozi ya shingo ikiwa nyeusi na nene, mpelekeni kwa daktari.