Puglia, Italia: tulale ufukweni au vijijini?

Mkazi wa Kisumu: Wapendwa, mimi na mke wangu tunakusudia kuzuru Puglia mwezi wa Septemba. Je, inafaa tulale ufukweni au katika vijiji vya kale?

Mwalimu, Nakuru: Ndugu, laleni vijijini. Alberobello, ambayo nyumba zake zilijengwa kwa mawe bila saruji na kuezekwa mapaa yenye umbo la pia, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1996, na kwa kuwa mchana hufurika watalii, uzuri wake huonekana jioni.

Mama wa Kakamega: Ufuo wa Polignano a Mare, unaofikika kwa treni kutoka Bari, mji mkuu wa Puglia, ni wa changarawe, bebeni viatu. Maombi ya viza ya Schengen, yaani viza ya kuingia Italia na nchi nyingine nyingi za Ulaya, hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari.