Jogoo wa kienyeji kwa mvinyo mwekundu: nimekosea wapi?

Mama Neema, Ipagala
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Krismasi baba mkwe anakuja kutoka Manyoni na nimepania kumpikia coq au vin, yule jogoo wa Kifaransa anayeiva ndani ya mvinyo. Jana nilijaribu. Jogoo wa soko la Majengo, mkubwa hasa, chupa nzima ya mvinyo wa hapahapa Dodoma, saa moja na nusu jikoni. Nyama unavutana nayo kwa meno. Mchuzi zambarau, mchachu, tena una ladha ya chuma. Watoto wakala wali mkavu, niliumia. Tatizo ni jogoo au mvinyo wetu?

Jiko la Mkaa
Dada, jogoo usimbadilishe! Burgundy huko Ufaransa walikuwa wakipika hivi ili kumlainisha jogoo mzee. Broila angesambaratika. Wako amekosa muda tu. Mkate vipande, mlaze kwenye mvinyo usiku kucha na karoti, vitunguu na thaimu. Asubuhi mfute kwa kitambaa mpaka awe mkavu kabisa, maana mwenye maji hakaangiki. Anza na mafuta ya bekoni kama mnakula, ukaange mpaka ngozi iwe kahawia iliyokolea. Ile zambarau ni ya nyama iliyopikwa kwenye mvinyo ikiwa nyeupe, bila kukaangwa kwanza. Mvinyo uchemshe peke yake bila mfuniko upungue karibu nusu, ndipo urudishe nyama na supu ya kuku ya kupoza uchachu. Ipike kwa muda wa saa tatu, makaa machache, mchuzi utikisike tu. Mwishoni kanda siagi vijiko viwili na unga wa ngano vijiko viwili, tia kidogokidogo uwe mzito. Uyoga na vitunguu vidogo vikaangwe pembeni, viingie mwisho.

Sufuria ni ya alumini? Asidi ya mvinyo huila. Tumia ya stili.

Mkulima wa Hombolo
Mbukwenyi. Nalima zabibu, nakuomba usiulaumu mvinyo wetu. Dukani omba mwekundu usio na sukari. Ule mtamu ukipungua unakuwa sharubati.

Mama Neema, Ipagala
Ni ya alumini kweli, ile ya ubwabwa! Wifi ana ya stili, nitaazima. Ila baba mkwe ameokoka, pombe hagusi. Si itakuwa imeisha yote motoni?

Jiko la Mkaa
Haiishi yote, dada. Hata ukichemsha saa mbili na nusu, kidogo hubaki. Mzee asile bila kujua.

Mama Neema, Ipagala
Hapana, siwezi kumficha. Nampigia leo jioni nimweleze. Akikataa, nachinja wawili, wake namchemshia kwa supu na uyoga, sufuria mbali na mwiko mbali.