Baba amesema "ubatili", mama amenuna. Nimweleze vipi?

Binti wa Matondoni
Asalaam aleikum jamani. Baba yangu ameunda majahazi tangu ujana wake. Juzi aliuza chombo chake cha mwisho kwa bei ya kutupa. Jioni akaketi barazani, tezo mapajani, akipapasa makali yake kwa kidole gumba. Akasema, "Miaka arubaini, yote ubatili."

Mama alikuwa akipeta mchele. Aliweka ungo chini, akaingia ndani. Tangu siku hiyo anampakulia chakula kimyakimya. Aliniambia, "Batili ni ndoa isiyo na walii wa kumwoza mke. Na miaka arubaini ndiyo miaka ya ndoa yetu."

Baba hajui kosa lake. Neno hili lina maana ngapi? Naomba mnisaidie, nyumba imekuwa nzito.

Karani Mokowe
Mama hakukosea, dada. Batili ni jambo lisilosimama kisheria: ndoa, mkataba, wasia. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa urais, ikabidi kura zipigwe upya.

Mwanakwaya Malindi
Upo ubatili mwingine. Katika Biblia, Mhubiri 1:2, mambo yote yanaitwa ubatili, na neno la Kiebrania pale, hebel, ni mvuke au pumzi. Kitu unakiona, ukikikamata hakikamatiki. Anayesema hivyo hajasema ameishi katika haramu. Amechoka.

Mzee wa Langoni
Mwanangu, pole. Hayo ya babako tumeyasikia tangu chuoni. Katika utenzi wa kale wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaonyesha majumba ya mji wa Pate yaliyokufa: kwenye madaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyopangwa sahani, sasa wanalala makinda ya ndege. Dunia ni ghururi, inahadaa. Hilo ndilo lililomjia moyoni, naamini kabisa.

Ila neno alilichagua vibaya mbele ya mkewe. Angesema "bilashi", mama angejua analilia pesa ya chombo. "Bure" pia ningeliogopa, kwani mtu bure ni tusi. Usiende kumsomea mama kamusi. Mwambie babako aende mwenyewe, na akitaje chombo kwa jina: "Jahazi nimeliuza bilashi."

Binti wa Matondoni
Shukran sana, mzee wangu. Nimemwambia. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Alidhani namsema yeye?" Ameiacha tezo barazani, ameingia jikoni sasa hivi.