MJADALA: Je, nakisi ya biashara ni dalili kwamba nchi imeshindwa?

Mwenye mada:

Kuna jedwali linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Nairobi. Linapanga nchi kwa urari wa biashara, yaani tofauti kati ya thamani ya bidhaa zinazouzwa nje na zinazonunuliwa nje. China iko kileleni: mwaka 2024 mauzo yake yalizidi manunuzi kwa karibu dola trilioni 1. Marekani iko mkiani, na nakisi yake ya bidhaa (yaani kiasi ambacho manunuzi yalizidi mauzo; kinyume chake huitwa ziada) mwaka huo ilikuwa kama dola trilioni 1.2. Kenya imepakwa rangi nyekundu. Mwaka 2023 tuliuza nje bidhaa za takriban shilingi trilioni 1, tukaagiza za trilioni 2.6. Chini ya jedwali watu wanaandika kwamba tumekwisha, kwamba sisi ni taifa la wachuuzi wa mali za wengine.

Nakataa hitimisho hilo, na nakaribisha atakayenipinga kwa hoja.

Jedwali lilelile linaiweka Angola juu yetu. Angola huuza mafuta ghafi kila mwaka na ziada yake ya bidhaa ni kubwa, lakini umaskini umeenea mno miongoni mwa watu wake. Kongo nayo inauza shaba na kobalti. Ziada ya namna hiyo inatokana na kilichochimbwa ardhini, na pia na wananchi wasio na uwezo wa kununua vya nje. Ukizipanga nchi kwa namba hii peke yake, unaweza kumpa mtu alama nzuri kwa sababu amelala njaa.

Upande wa pili, Korea Kusini iliishi na nakisi kwa miongo kadhaa, hadi ilipopata ziada mwaka 1986. Ilikuwa ikinunua mitambo na kujenga viwanda. Japani baada ya tsunami ya 2011 ilizima vinu vya nyuklia, ikalazimika kununua gesi kwa wingi, na mwaka huo huo ikapata nakisi yake ya kwanza tangu 1980. Wahandisi wa Japani hawakusahau kazi yao kwa mwaka mmoja. Bei ya nishati ndiyo iliyogeuza namba.

Halafu kuna namna namba zenyewe zinavyokusanywa, na hapa ningeomba tukae kidogo. Katika nchi nyingi bidhaa zinazoingia huhesabiwa pamoja na nauli ya meli na bima, zinazotoka huhesabiwa zikiwa bandarini kabla ya nauli. Kwa hiyo mzigo uleule una thamani mbili katika vitabu vya nchi mbili. Maua ya Naivasha yanayopelekwa mnadani Aalsmeer huandikwa kuwa yameuzwa Uholanzi, ingawa mengi yataishia mezani Ujerumani au kwingineko. Mnada wa chai wa Mombasa huuza pia chai ya Uganda, Rwanda na majirani wengine. Mahindi na mayai yanayovuka mpaka wa Busia kwa baiskeli hayaonekani vizuri kwenye takwimu za nchi yoyote. Na jedwali hili ni la bidhaa tu: watalii hawamo, wala usafiri wa ndege, wala huduma za bandari. Marekani, ambayo iko mkiani, mwaka 2024 ilikuwa na ziada ya karibu dola bilioni 300 kwenye huduma. Hata pesa wanazotuma Wakenya walio ughaibuni, ambazo mwaka 2024 zilikuwa kama dola bilioni 4.9, hazimo. Fedha hizo ni nyingi kuliko tunachopata kwa chai.

Msidhani haya ni ya wasomi tu. Aprili 2025 serikali ya Trump ilichukua nakisi ya bidhaa ya Marekani na kila nchi, ikaigawa kwa thamani ya bidhaa inazonunua kutoka nchi hiyo, ikakata nusu, na jibu likawa ushuru. Lesotho, nchi ndogo inayoshona jinzi na kuuza almasi, ikatangaziwa asilimia 50. Kosa lake lilikuwa kuuza Marekani na kutokuwa na pesa za kununua vya Marekani. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo Maseru ndio walioanza kuhofia kazi zao kwa sababu ya hesabu ya aina hii.

Fundi wa Kamukunji:

Ndugu, umeandika vizuri lakini umeandika kama mtu asiyenunua dola. Mimi natengeneza masanduku ya wanafunzi, jiko na karai. Bati langu linatokana na chuma kinachoagizwa nje. Mwaka 2023 dola ilipokuwa ikipanda kila wiki, bei ya bati ilipanda nayo, na mzazi anayekuja Januari kununua sanduku hakuongezewa mshahara. Wakati uleule, sanduku, karai na jembe lililokwisha tengenezwa linatoka China na India na kuuzwa mlango wa pili kwa bei ambayo hainirudishii hata gharama ya bati.

Kwa hiyo unaponiambia nakisi si kitu, naona unanifariji bure. Nchi isiyouza nje ya kutosha huwa inahangaikia dola, na ikihangaika sisi tulio chini ndio tunaolipa. Ukitaka ushahidi tazama Kicomi pale Kisumu. Kilikuwa kiwanda cha nguo chenye maelfu ya watu. Leo nguo tunazifungua kwa mabunda ya mitumba soko la Gikomba.

Mama wa Nyamakima:

Kaka wa Kamukunji, nakusikia, lakini usitufanye sisi tunaoagiza kuwa maadui. Tunachanga wanawake kadhaa kujaza kontena moja kutoka Guangzhou. Mle mna vipuri vya bodaboda, vifaa vya umeme, vyombo. Kila kontena linalipa ushuru, VAT, ada ya tamko la uagizaji na ada ya reli kabla halijatoka Mombasa. Vijana wa mkokoteni, wenye stoo, wenye matatu wanaopeleka mzigo Kitui na Meru, wote wanakula hapo.

Na hili la kuhesabu nchi kwa nchi silipendi. Kila mara tunaambiwa tuna nakisi kubwa na China, kana kwamba China inatudai tuiuzie kiasi kilekile. Mimi namnunulia gesi kijana wa mtaani na sijawahi kumuuzia kitu. Namlipa kwa pesa nilizopata kwingine. Kenya inauza Uganda, inauza chai Pakistani, na kwa pesa hizo inanunua China. Parachichi zetu mbichi zimeruhusiwa China tangu 2022 na ni jambo zuri, lakini hata tukipeleka meli nzima ya parachichi, haitalingana na simu na mitambo.

Mwalimu, Kasarani:

Nina swali kwa mwenye mada. Kama urari wa biashara haufai kupimia, tupime kwa nini? Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanafundishwa kwamba nakisi ni mbaya na ziada ni nzuri, wanaandika hivyo kwenye mtihani na wanapata maksi.

Mwenye mada:

Mwalimu, sijasema haufai. Nimesema haufai peke yake kupanga nchi kama timu kwenye ligi. Ningewauliza wanafunzi maswali mawili: nakisi imetokana na kununua nini, na imelipwa kwa pesa zipi?

Hapo namrudia fundi, kwa sababu maumivu yake ni ya kweli ila namba inayoyaeleza ni nyingine. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160. Machi ilikuwa karibu na 130. Je, kati ya miezi hiyo tulianza kuuza nje zaidi kuliko kununua? La. Nakisi ilibaki kubwa vilevile. Kilichobadilika ni kwamba Februari serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwenye soko la kimataifa, ili kulipa mapema sehemu ya mkopo wa dola bilioni 2 wa mwaka 2014 uliotakiwa kulipwa Juni. Wenye dola wakaacha kuogopa. Sasa mtu aliyekuwa akitazama urari wa biashara tu asingeona hofu ile ikija wala ikiondoka. Ukichanganya bidhaa, huduma na pesa za ughaibuni, pengo letu mwaka 2023 lilikuwa kama asilimia 4 ya pato la taifa, na pengo hilo ndilo linalozibwa na mikopo na mitaji kutoka nje. Namba hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu mkopo hurudi na riba.

Na ni nini tulichonunua? Mafuta peke yake ni karibu robo ya bili. Kuna ngano, kuna mafuta ya mawese ya kupikia, kuna mashine. Mashine ya kiwanda ikiingia leo, nakisi inakua leo, na nguo inaweza kuuzwa nje kesho. Ngano ikiingia, imeliwa. Jedwali la WhatsApp linazihesabu sawa.

Hata kuzuia si dawa. Ethiopia ilikataza benki kutoa dola za kuagiza aina 38 za bidhaa mwaka 2022, magari yakiwemo. Pengo kati ya bei ya dola benki na bei yake uchochoroni halikuondoka, na Julai 2024 wakaiachia sarafu yao, birr, ipangiwe bei na soko, ikaporomoka.

Fundi wa Kamukunji:

Sasa tunaelewana kidogo, lakini hujanijibu kuhusu Kicomi. Unasema mashine ni nakisi nzuri. Mimi natazama mtaa huu sioni mashine mpya, naona bidhaa zilizokamilika. Bati ninalonunua limo kwenye fungu la malighafi za viwanda na sanduku la jirani limo kwenye fungu la matumizi, na KNBS, shirika la takwimu la taifa, huyachapisha mafungu hayo kila mwaka. Basi lile jedwali lenu liondoeni, mtuletee mafungu hayo ya miaka 20 mfululizo, hapahapa kwenye mada hii. Kama fungu la mashine limekua kuliko fungu la matumizi, nitakubali kwamba nakisi yetu ni kama ya Korea. Kama limepungua, mtaniambia mimi na vijana sita ninaowafundisha kazi tunajengewa nini kwa hiyo nakisi ya shilingi trilioni 1.6.