Kanivo (mtaro wa maji) mpya imenikatia lango: naruhusiwa kuweka dale (bamba la kuvukia) mwenyewe?

MamaUnga_BelAir

Ndugu zangu wa Lubumbashi, hodi.

Naishi Bel-Air, komini ya Kampemba, parsele (kiwanja) ya kona. Avenyu yetu ilikuwa ya udongo mwekundu tu: maji yalipita yalikotaka na magari yaliingia yalikotaka. Sasa wamekuja na mashine, wamechimba kanivo pande zote mbili na kujenga kuta za mawe na sima (saruji). Kazi nzuri, sikatai. Lakini mbele ya lango langu wameacha shimo wazi, upana wa mita moja, kina kinanifika kiunoni. Nilipomuuliza msimamizi wao akanijibu, "Mama, mkataba wetu sisi ni maji. Mlango ni shauri lako."

Miye nauza unga wa mahindi kwa jumla. Lori linasimama katikati ya njia, vijana wanavuka na mifuko mabegani juu ya mbao mbili walizolaza kwenye kanivo. Juzi ubao mmoja ulipinduka, mfuko ukaenda ndani ya maji meusi. Kijana alitoka na mikwaruzo tu, Mungu asifiwe. Gari langu linalala kwa jirani na kila asubuhi naenda kuliomba kama mgeni.

Sasa kichwa kinaniuma kwa maneno ya watu. Kuna anayesema kipande kati ya ukuta wangu na barabara ni changu, maana nimekifagia miaka yote na nimepanda miembe miwili inayozaa. Mwingine anasema ni cha Serikali, hata jiwe siruhusiwi kuweka. Shefu wa avenyu ananiambia niandikie komini. Halafu wamekuja jamaa wawili wenye jile (vizibao vya kazi) wakitaka dola mkononi ili "wamalize hiyo shida". Karatasi hawakuonyesha.

Zaidi ya hayo yote kuna Papa wa parsele ya chini, kule maji yanakoteremkia. Ametangaza kwa kila mtu kwamba nikifunika kanivo mvua itaingia kwake sebuleni, na atavunja dale kwa nyundo yake mwenyewe. Ni mzee wangu, mkewe alinishika mkono nilipokuwa najifungua mtoto wa mwisho. Kesi naye sitaki.

Na mafundi ndio hao: mmoja anataka tulaze buze (mabomba) mbili za sentimita thelathini tufukie udongo juu, bei ya chini kabisa. Mwingine anataka dale ya beto (zege) na vyuma, bei inatisha. Mvua iko njiani. Naomba anayejua anisaidie, wa kukisia ninao wa kutosha hapa nyumbani.

Mwana_Kenya

Mama, weka tu! Huku kwetu komini ya Kenya, humu humu Lubumbashi, kila mutu aliweka ya kwake, nani alifungwa? Ukianza barua, mvua itaisha na ungali unangoja stempu.

Kapita_Mstaafu

Mwana Kenya, mtoto wangu, na mvua ikinyesha huko kwenu maji yanapita wapi? Yanapita katikati ya barabara, tena ndani ya nyumba za watu, kwa sababu kila mutu aliweka ya kwake. Nyamaza kidogo wazee waongee.

Mama Unga, nilikuwa kapita (msimamizi wa vibarua) kwenye kazi za barabara na mitaro ya mji huu tangu ujana hadi magoti yalipokataa. Nianze na ardhi, maana hapo ndipo watu wanapoliana pesa.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973, artikle ya 53, inasema ardhi ni mali ya Serikali peke yake, haiuzwi na wala haipotei kwa kupita kwa miaka. Sisi wote tuna konsesyo tu, yaani haki ya kuitumia. Kwa hiyo hoja ya kufagia imekufa hapo: hata ungefagia tangu enzi za Mzungu, kipande hakigeuki kuwa chako. Artikle ya 55 inaongeza kwamba ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya umma haiwezi kupewa mtu mpaka kwanza iondolewe rasmi katika matumizi hayo. Barabara na kanivo yake ziko humo. Toa cheti chako cha usajili kabatini, tazama vipimo kwenye mchoro, kisha chukua jembe utafute mawe ya mpaka, zile borne za kadasta. Kilicho nje ya jiwe upande wa barabara si chako. Maembe endelea kula, hakuna atakayekuzuia, lakini siku barabara ikipanuliwa mwembe hautakuwa na fidia ya ardhi.

Hiyo haina maana kwamba ufungiwe ndani. Barabara iko pale ili watu waingie na kutoka. Unachokosa ni ruhusa ya kujenga juu yake unavyopenda wewe, na ruhusa inaombwa.

Shefu wa avenyu amekuelekeza vizuri. Barua iende kwa mkuu wa komini, nakala kwa watu wa urbanisme (mipango miji) na nakala kwa OVD, Ofisi ya Voiri na Drenaji, maana mitaro ya mjini ndiyo kazi yao. Ambatanisha kopi ya cheti, picha ya lango, na mchoro wa mkono wenye upana wa lango, upana na kina cha kanivo, na mshale wa kuonyesha maji yanakoelekea. Ule mshale usiusahau. Mtu wa mitaro anautafuta kabla ya kusoma jina lako. Wakupigie stempu ya kupokea kwenye nakala unayobaki nayo, pamoja na tarehe. Barua isiyo na stempu hujaiandika.

Hao wenye jile waombe ordre de mission yao (karatasi ya kutumwa kazini), kwa upole, na kiti uwape. Asiye nayo atakumbuka ana safari nyingine. Kama kuna kodi au faini ya kweli utaandikiwa note de perception (hati ya malipo), utalipa benki, utabaki na bodero (stakabadhi). Pesa ya Serikali haipiti kwenye kiganja cha mtu kwenye lango lako.

Sasa fundi. Yule wa buze umlipe soda aende, na Papa wa chini umuombe radhi kwa yale uliyomfikiria, maana kwa buze yeye ana haki. Kanivo yako ina upana wa mita moja na kina cha kiuno, tuseme sentimita tisini. Buze mbili za thelathini ukizijumlisha, nafasi ya maji inayobaki haifiki hata moja ya sita ya ile iliyojengwa. Na hiyo ni siku buze ingali mpya. Zikija chupa za plastiki, saketi (vifuko) na mchanga mwekundu, kati ya bomba huwezi kufika kwa koleo. Maji yatapanda nyuma yake, kwako kwanza, kisha yatavuka juu na kuchukua udongo wa kufukia na kumpelekea Papa sebuleni pamoja na picha za harusi yake.

Dale ndiyo dawa, ila namna ya kuijenga ina makosa ambayo nimeyaona mara nyingi, nayo ni haya.

Dale isikalie kuta za kanivo. Ule ukuta wa mawe umejengwa kuzuia udongo usibomoke, haukuhesabiwa kubeba lori la unga. Lori likikanyaga, ukuta unasukumwa kwa ndani na kanivo inajifunga. Nje ya kila ukuta chimba msingi mfupi wa beto kwenye udongo mgumu, dale ilale juu ya misingi hiyo miwili na kuruka kuta bila kuzilemea. Kwa lori, unene uwe sentimita ishirini, chuma cha milimita 12 kila sentimita kumi na tano, kikivuka kanivo na si kuifuata. Na chuma kikae chini! Hapa mafundi wetu wananikasirisha: wanakitupa katikati ya beto kama pambo. Gari likipita ni tumbo la dale linalovutika, mgongo unabanwa tu. Weka vipande vidogo vya beto chini ya wavu ili chuma kiinuke sentimita tatu kutoka kwenye mbao, kisiote kutu. Sima mifuko saba ya kilo hamsini kwa kila mita ya ujazo. Beto imwagiwe maji wiki nzima, na lori lisubiri siku ishirini na nane. Gari dogo pia lisubiri, najua utashawishika.

Upana wa mita nne unatosha. Usifunike mbele yote ya ukuta ili upate kibaraza cha kuuzia, nimeshawaona wa hivyo. Katikati ya dale acha tundu la sentimita sitini kwa sitini lenye kifuniko cha chuma, koleo liingie. Uso wa dale usipite juu ya barabara, maana ukiinua nundu, maji ya barabarani yanakosa pa kuingilia kanivo.

Na umesema parsele ni ya kona. Dale ikae mbali na kona kadiri ukuta unavyoruhusu, hata kama inabidi kuhamisha lango. Anayekata kona haoni mkia wa lori lako. Malango yafunguke kwa ndani au yateleze pembeni, yasifagie njia ya watoto wa shule. Sheria ya barabara (Code de la route) ya tarehe 30 Agosti 1978 inamtaka anayetoka kwenye parsele awaachie njia walio barabarani, kwa hiyo lori likirudi nyuma, kijana mmoja asimame njiani na si kwenye kiti chake mbele ya duka.

DadaKalubwe

Shikamoo Kapita. Naongeza la jirani tu, Mama Unga. Usimpelekee Papa habari kupitia watoto wala wafanyakazi. Nenda mwenyewe jioni, pamoja na shefu wa avenyu, na ule mchoro mkononi. Huku Kalubwe tulikuwa na ugomvi wa namna hiyo, wakaandika karatasi ndogo: ukubwa wa dale, nani anazibua na lini, sahihi za pande mbili, shefu akaweka yake. Mwaka uliofuata mwenye nyumba ya juu aliuza, mnunuzi akakuta karatasi na hakuwa na la kubishana.

MamaUnga_BelAir

Marahaba dada, ingawa shikamoo ilikuwa ya Kapita. Asanteni sana.

Mawe ya mpaka tumeyapata, moja lilikuwa chini ya mizizi ya mwembe. Ukuta uko ndani ya mpaka, miembe yote miwili iko nje. Mume wangu amenyamaza siku nzima, yeye ndiye aliyekuwa anasema ni yetu. Barua imepokelewa komini, stempu ninayo.

Kwa Papa tulikwenda na shefu. Mwanzo hakunikaribisha kuketi. Alipoona mchoro una tundu la kuzibulia akavaa miwani, akauliza nani amechora, kisha akadai yawe mawili: moja upande wangu wa juu, moja upande wake. Kapita, inawezekana? Na swali la mwisho: jirani wa mbele, yule wa depo ya vinywaji, anataka lori lake ligeukie kwenye dale yangu. Naweza kumtoza kidogo? Chuma nimekinunua mimi.

Kapita_Mstaafu

Matundu mawili yanawezekana, lakini yasogeze kutoka kwenye njia ya magurudumu, na pembeni ya kila tundu uongeze chuma mbili kila upande, maana umekata zile zilizokuwa zinapita. Mwambie Papa amefikiri vizuri. Mzee akisifiwa atazibua mwenyewe.

Kumtoza mtu, hapana. Dale umeilipia, lakini imekalia ardhi ya umma, huna lango la kumfungia mtu nje wala haki ya kumwandikia risiti. Mpita njia anakanyaga bure. Ila lori la depo ni jambo jingine: makasha ya bia yana uzito kuliko unga wako, na mwenye kugeuza lori hageuzi polepole. Ukitaka aitumie, achangie sasa hivi, kabla ya kumwaga beto, unene ufike sentimita ishirini na tano na chuma cha 14, na jina lake liingie kwenye ile karatasi ya Dada Kalubwe. Akikataa, panga mawe mawili makubwa ndani ya mpaka wako, siyo juu ya dale, lori lake likose pa kuingiza pua.

Na ujue hili kabla ya kutoa pesa: siku mji ukija kupanua njia au kubadilisha kanivo, dale itavunjwa na hutadai kitu. Ndiyo maana nakuambia mita nne, si mita kumi.

Fundi akishafunga vyuma, asimwage. Piga picha kutoka juu na moja kutoka pembeni karibu na mbao, weka hapa nione kama vile vipande vya chini kweli ameviweka.

Mwana_Kenya

Kapita, na yangu ambayo nilishamwaga?

Kapita_Mstaafu

Toboa tundu katikati kabla ya Novemba, na uvae viatu.