Seli za mwani kijani huunganaje kuwa koloni (kundi la seli linaloishi kama kitu kimoja)?

Bwawani
Wakuu, naomba ufafanuzi. Kwenye maji ya bwawa la samaki, hadubini ikiwa ×400, zinaonekana seli nne nne zilizolala ubavu kwa ubavu, na pembeni kuna mabonge ya seli yasiyo na mpangilio wowote. Je, seli hizi huogelea zikakutana na kushikana, au hazikuwahi kuachana? Na koloni halisi nalitofautishaje na bonge tu?

MzeeHadubini
Mara nyingi hazikuwahi kuachana. Anza na Chlamydomonas, anayeishi seli moja moja. Mchana hukua bila kugawanyika, halafu usiku hujigawa haraka mara mbili, tatu au zaidi ndani ya ukuta wa seli mama. Kimeng'enya huyeyusha ukuta huo, kila mtoto akashika njia yake.

Kwa Gonium, ndugu yake, mgawanyiko haukamiliki: nyuzi nyembamba za saitoplazimu (majimaji ya ndani ya seli) hubaki kama madaraja kati ya seli, kisha ute wa glikoprotini (protini zenye sukari) hujengwa kuzishikilia. Ndiyo maana hesabu ni 4, 8, 16, na kwa Eudorina, ndugu mwingine, hufika 32. Mwenzao Volvox carteri ana seli ndogo kama 2,000 na kubwa za uzazi kama 16.

Kwa Volvox kuna kioja. Kiinitete kikimaliza kugawanyika, ncha zenye flajela (vijimkia vya kuogelea) zinatazama ndani, na kwa hali hiyo hakiwezi kuogelea. Basi hujipindua nje-ndani: seli hubadilika umbo kuwa kama kabari, na protini ya kinesini (aina ya injini ndogo ya seli) iitwayo InvA huzisogeza dhidi ya madaraja yale. Jeni yake ikiharibika, kupinduka hukwama njiani. V. carteri akishakomaa madaraja hupotea, unabaki ute peke yake.

Kijanikibichi
Mkuu uko sahihi kwa ukoo wa Volvox, lakini usisahau mwani kijani wa ukoo mwingine, Pediastrum na Hydrodictyon. Hao watoto wao wana flajela na huachana kabisa kwanza. Wa Pediastrum hutoka wakiwa ndani ya kifuko chembamba, wakahangaika humo kwa muda, wakajipanga bapa, wakapoteza flajela na kugandana kuta. Wa Hydrodictyon hufanya hayo ndani ya seli mama yenyewe na kutokea wavu mzima. Kwa hiyo kukutana kupo, ila ni kwa watoto wa mama mmoja.

Hizo nne nne za Bwawani karibu hakika ni Scenedesmus, au Desmodesmus zikiwa na miiba. Hazina flajela, hushikamana zikiwa bado ndani ya ukuta wa mama, kisha ukuta ukapasuka.

Pipeti
Kuhusu kutofautisha: kwanza pima pH. Mchana wa jua kali mwani humaliza kabonidioksidi, pH ikapanda, na ikipita 10 chumvi za kalsiamu na magnesiamu huganda na kukusanya seli za kila aina. Chukua mililita 50, dondoshea asidi hidrokloriki iliyozimuliwa hadi pH 7, koroga polepole dakika 10. Bonge la chumvi litaachia, koloni halitaachia.

Kisha weka tone la sampuli na tone dogo la wino mweusi wa kuchorea. Ute hauingizi wino, hivyo utaonekana kama duara jeupe kuzunguka seli. Usikandamize kioo cha juu, koloni la ute litasambaratika ukadhani lilikuwa bonge.

Mtego mwingine: Chlamydomonas akibanwa na mazingira, watoto hubaki wamefungiwa kwenye ukuta wa mama. Zimua sampuli mara 10 kwa maji mapya yenye virutubisho, uweke kwenye mwanga. Wakitawanyika baada ya siku moja au mbili, hilo halikuwa koloni.

Scenedesmus naye ana vituko: akikuzwa maabara kwenye virutubisho vingi huishi seli moja moja. Mpe maji yaliyochujwa kutoka kwenye chombo cha viroboto maji (Daphnia), na ndani ya siku mbili hivi makoloni yanarudi. Ni kinga, maana koloni ni gumu kumezwa.

Ukihifadhi kwa iodini ya Lugol, koma maji yakifika rangi ya chai ya rangi iliyopoa makali. Ikizidi, seli huwa nyeusi na hutaona mipaka.

Bwawani
Shukrani. Na nikihesabu 15 badala ya 16 kwenye Pediastrum?

Kijanikibichi
Huenda moja imekufa. Idadi hupangwa siku koloni linapoundwa. Baada ya hapo seli hukua tu, haziongezeki, na pengo halizibwi. Tafuta ukuta mtupu pale penye nafasi. Ukuta huo ukiwa na tundu pembeni, seli haikufa: imeshatoa watoto.