Pedi ya Xbox: betri za AA za kuchaji au za kawaida?

Habari zenu wakuu, naomba ushauri. Nina pedi (kidhibiti cha kuchezea gemu) ya Xbox isiyo na waya, ile inayokula betri mbili za AA. Vijana hapa nyumbani wanapiga mpira hadi usiku, na betri nazonunua kwa Mangi hazimalizi wiki. Zile za bei chee ndiyo usiseme.

Nataka kuhamia betri za kuchaji, aina ya NiMH. Hizo ni volti 1.2, alkalaini (zile za kawaida) 1.5, ingawa nayo hushuka kadiri inavyotumika. Je, pedi haitaanza kulalamika betri imeisha mapema? Mtetemo wa pedi nimeshauzima ili kuokoa betri. Na chaja ipi inajikata yenyewe? Nyingine zinapika betri mpaka huwezi kuzishika. Au nichomeke tu waya wa USB?

Mwenye uzoefu anijuze.